Chupa ya Achari

Marehemu mama alikuwa akiandika majina ya vitu kwenye plasta ya kidonda. Anakata kipande kwa meno, anakibandika kwenye kopo, kisha anaandika kwa kalamu ya buluu: bizari, unga wa dengu, iliki. Mara ya mwisho alipokuja kwangu kutoka Pangani alinipakatia chupa ya achari ya maembe, kaizungushia gazeti, juu yake kipande cha kanga, ili mafuta yasimwagike ndani ya basi. Kwenye plasta aliandika "Achari ya Mama Nuru". Mama Nuru ni mimi.

Alifariki katikati ya Rajabu. Siku tatu za matanga nyumba ilijaa mikeka na akina mama. Walipika wao, waliosha vyombo wao, usiku wakalala nami chumba kimoja. Arobaini ilipofika tukasoma hitima. Kisha kila mtu akarudi kwake, nami nikabaki na ile chupa kwenye friji, rafu ya juu, nyuma ya maziwa. Sikuila. Nilikuwa naifungulia friji niitazame tu: vipande vya embe vimelala chini, mafuta mekundu yametanda juu unene wa kidole, plasta imejikunja pembe moja. Sikumwambia mtu yeyote kwamba ile chupa haiguswi.

Mfungo wa 12 wa Ramadhani mume wangu alialika wenzake wa sokoni kufuturu. Nilitoka jikoni na sinia la pili, nikaikuta chupa katikati ya mkeka, iko wazi, kijiko ndani, imebaki robo. Mzee mmoja akaniuliza kwa furaha, "Binti yangu, achari hii mikono ya nani?" Niliweka sinia chini, nikarudi jikoni bila kumjibu, na hilo mpaka leo linaniuma, maana yule mzee hakuwa na kosa.

Wageni walipoondoka nikakuta Baba Nuru kaosha vyombo vyote ili nipumzike. Chupa ameiinamisha kwenye chanja, safi, inang'aa. Plasta haipo. Nilipiga magoti nikaingiza mikono kwenye ndoo ya makombo, nikapapasa kokwa za tende na miiba ya samaki mpaka nikaipata, imegandamana na majani ya chai. Wino ulikuwa umeyeyuka wote. Ilibaki doa la buluu.

Nilipiga kelele mtaa ukasikia. Nilimwambia mume wangu maneno ambayo hayasemwi mwezi ule wala mwezi mwingine wowote. Naye alipochoka akapaza sauti, "Ni achari, Mama Nuru! Achari!" Mtoto alikuwa amesimama mlangoni, miaka 9, kakumbatia mto. Kwa siku kumi baada ya hapo tulizungumza kupitia kwake. "Mwambie baba daku tayari." "Mwambie mama nimeshiba."

Shangazi alikuja akanikalisha. "Vumilia mwanangu, kazi ya Mola haina makosa." Naamini hivyo, sikuwahi kuamini vingine. Lakini nilikuwa naamka saa nane za usiku na kukodolea macho neti mpaka adhana. Mara mbili nilisahau kumpitia Nuru madrasa. Darasani nilisimama mbele ya ubao nikiwa na chaki mkononi, somo limenitoka kichwani. Dini imempa mjane eda ya miezi 4 na siku 10, na sisi wengine siku 3, na sina ugomvi na hesabu hiyo. Ninachosema ni kwamba zamani siku ya nne ilikuwa na watu. Bibi yuko barazani, somo yako yuko nyumba ya tatu, unamwendea jioni unamwaga yaliyo moyoni naye anayafunika. Bibi yangu katangulia. Somo yangu yuko Muscat kikazi, na simu yake anaishika usiku mwajiri akishalala. Kiti kile kimebaki kitupu katika nyumba nyingi za Ngamiani, mtaani kwetu hapa Tanga, na sioni aibu kukisema.

Mwalimu mwenzangu ndiye aliyenielekeza kwa mnasihi, muuguzi aliyesomea ushauri nasaha, anayekaa hospitali siku za Jumatano. Nilimwambia Baba Nuru. Alitua kikombe. "Kwa hiyo tumefika Lutindi?"

Kwetu Tanga neno hilo ni zito. Lutindi iko juu milimani, Usambara, upande wa Korogwe. Wamisionari wa Kijerumani walianza pale na makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 wakaanza kupokea wagonjwa wa akili. Wamewahudumia watu zaidi ya miaka mia, na kwa kazi hiyo wanastahili shukrani. Sisi jina la pale tumeligeuza kitisho cha kutishia watoto. Nilimwona mume wangu kaogopa kweli, nikaacha kumjibu. Nikaenda peke yangu.

Chumba kilikuwa kidogo, viti viwili vya plastiki, feni, dirisha linalotazama mwarobaini. Mnasihi alikuwa msichana mdogo kwangu, akaniita mama. Nilitarajia mawaidha. Badala yake aliuliza, "Hiyo chupa ilikuwa ya ukubwa gani?" Nikamwonyesha kwa mikono. "Na alikuwa akiifunga vipi?" Nikaanza kueleza habari ya gazeti na kipande cha kanga, na hapo ndipo nililia kilio ambacho hata mazikoni hakikutoka. Hakuniambia ninyamaze. Alisogeza kiti kidogo, basi.

Jumatano ya tatu nilimuuliza kama mimi ni mgonjwa. Akasema kumlilia mama si ugonjwa. Upo msiba unaomshika mtu akashindwa kuishi, na Shirika la Afya Duniani limeuingiza katika orodha yake ya maradhi iliyoanza kutumika mwaka 2022, ila linataka ipite angalau miezi 6, tena huzuni iwe imevuka ile inayotarajiwa katika mila ya mtu mwenyewe. Yangu ilikuwa haijafika huko. Nikamwambia nimesikia kuna hatua tano za huzuni, nami sijijui niko ya ngapi. Alitikisa kichwa. Elisabeth Kübler-Ross aliyeziandika mwaka 1969, alisema, alizitoa kwa wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa wao wenyewe. Hakuna anayekudai uzipande kama ngazi. Akanieleza walichokiandika Margaret Stroebe na Henk Schut mwaka 1999, kwamba mfiwa huenda na kurudi: saa hii yuko na marehemu wake, saa nyingine yuko na ada ya shule na mboga ya jioni, na kwenda na kurudi huko ndiko kupona kwenyewe. Mimi mtoto wa Pangani sikuhitaji mfano mwingine. Maji hujaa, maji hupwa, na anayeishi ufukweni hayagombezi.

Siku nyingine alinisimulia kuhusu Dixon Chibanda, daktari wa akili wa Zimbabwe. Mwaka 2006, pale Mbare, Harare, hakupewa chumba wala wauguzi. Alipewa mabibi 14. Akawafundisha kuketi na watu kwenye benchi nje ya zahanati, kusikiliza na kutafuta nao suluhisho la tatizo moja kwanza. Benchi hizo zimeshafika mpaka Unguja. Kilichonishika zaidi ni lugha. Kwa Kishona, kufunga ni kufikiri, na kuwaza mpaka ukaugua wanakuita kufungisisa. Hatua ya kwanza ya bibi ni kumsaidia mtu kuifungua akili. Nilirudi nyumbani na neno hilo njia nzima kwenye daladala, mimi niliyefunga friji, nikafunga mdomo.

Novemba maembe mabichi yalipojaa sokoni nikanunua mafungu manne. Mnasihi hakunituma, nilitaka mwenyewe. Nilikata, nikatia chumvi na manjano, nikaanika kwenye ungo juu ya bati la banda la kuku. Siku ya pili nilisahau kuutoa. Kabla ya alfajiri mvua ya vuli ikashuka ghafla. Niliposhtuka mlango wa uani ulikuwa wazi. Baba Nuru kasimama mvuani, msuli umemganda miguuni, ungo kaubana kifuani akiufunika kwa mikono yote miwili. Nusu ya maembe ilikuwa matopeni. Kuku wanapiga kelele.

Alipoingia hakuutua. Aliketi kwenye kizingiti, maji yanamchuruzika. "Nilitaka wale wamuombee," alisema. "Siku ile. Niliona chupa imekaa tu, nikasema watu wale mkono wake, wamtaje, wamuombee. Sikujua ulikuwa unaitunza."

Nikaketi kando yake. Miezi minane, na neno hilo lilikuwa humu humu ndani.

"Baba yangu nilimzika asubuhi," akaendelea, "alasiri nikafungua duka. Waliniambia mwanamume ni kujikaza. Mama yako ndiye mtu pekee aliyenipigia simu kuniuliza nimelala vipi." Alianza kutetemeka. Sikujua kama ni baridi, nikamfunika kanga yangu, na kichwa chake kikaniangukia begani, kizito kama cha mtu mwenye homa. Tulikaa hivyo mpaka adhana ikaisha na mvua ikapungua. Vipande vilivyosalia vilitosha nusu chupa.

Aliinuka kwenda kutawadha. Mlangoni akageuka.

"Yule dada wa hospitali yupo Jumatano?"

"Jumatano, saa tatu."

"Nitafunga duka," alisema.