Sifa za Mheshimiwa Kuvu

Waheshimiwa wa kaunti hii wote wameshaimbiwa. Kila mmoja ana kwaya yake, ana kina mama wa kumchezea ngoma akishuka garini, na bango lake limesimama barabarani kuanzia Mlolongo hadi Masii. Amebaki mmoja tu ambaye hajaimbiwa na mtu, ilhali ndiye anayefanya kazi usiku na mchana, Krismasi na Pasaka, bila marupurupu ya kikao. Namsema Kuvu, bwana wa madoa meusi, mkazi wa mfuko wa hema uliosukumwa nyuma ya kabati kungoja safari nyingine. Kama hakuna wa kumsifu, acha nimsifu mimi, maana tumeishi naye muda mrefu na kodi ya nyumba nalipa peke yangu.

Kwanza tumshukuru kwa kutuchagua. Angeweza kujikalia pwani, kwenye joto na unyevu, ambako hata viatu vya ngozi humkaribisha bila kuombwa. Lakini amekubali kupanda hadi Machakos, nchi ya jua na vumbi, ambako maji tunayanunua kwa jerikeni na mtu hufua nguo asubuhi akazianua kabla ya chai ya saa nne. Kwa hali hii Kuvu alistahili kufa njaa. Hafi, kwa sababu ana marafiki. Wikendi ikifika wanateremka na barabara ya Mombasa, wanakwea miamba ya Lukenya, wanazunguka vilima vya Iveti na Mua, wanapiga kambi Kilimambogo, mlima uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1967. Wengine hufika Kyamwilu kumwaga maji barabarani wayaone yakipanda mlima. Jumapili alfajiri, hasa Novemba mvua za vuli zikiwa zimekolea, hema limelowa chapachapa na dereva anapiga honi. Linakunjwa lilivyo, na tope lake, na majani yake, na kipande cha mkate kilichosahauliwa pembeni. Linashindiliwa kwa goti ndani ya mfuko mwembamba, kamba inavutwa, kwisha. Maji ya Kyamwilu yanaweza kupanda mlima. Ya ndani ya mfuko ule hayapandi wala hayashuki.

Sifa zake ndogo ndogo nitazitaja nikipita. Hana ukabila wala matabaka: hema la dukani la bei ya kutisha na hema la mtumba kutoka Gikomba anayapokea sawa. Hana uvivu: unyevu wa siku moja au mbili unamtosha kufungua ofisi. Hachagui chakula. Nailoni yenyewe haina ladha kwake, lakini jasho, vumbi, mafuta ya nyama choma na ule utando wa ndani unaozuia mvua, vyote hushuka vizuri. Hajawahi kugoma. Haya yanatosha.

Sifa yake kuu ni ukaguzi wa hesabu, na hapo hana mpinzani kuanzia Mto Athi hadi Yatta. Wakaguzi wa serikali, pamoja na elimu yao yote, wanahitaji risiti, barua, kumbukumbu za mikutano na mhasibu ambaye hajaenda msibani. Faili zikipotea au ofisi ikishika moto usiku, kazi imekwama. Kuvu hahitaji karatasi hata moja. Hukagua gizani, mlango ukiwa umefungwa, na ripoti yake huichapisha kwenye kitambaa kile kile anachokikagua, ili asije mtu akasema haikumfikia.

Na ripoti hiyo, jamani, ni ya kina. Madoa yakifuata mstari ulionyooka, ujue hema lilikunjwa likiwa bichi na mstari ndio mkunjo wenyewe. Yakiwa yamejikusanya chini ya neti ya mlango, kuna mtu aliingia na viatu vyenye matope, akatoka, akaingia tena. Doa zito kwenye pembe moja peke yake ni mtoto na sharubati. Harufu ndiyo muhtasari kwa wale wasio na muda wa kusoma. Inamfikia msomaji kabla hajafungua zipu. Ukiendelea hadi sura ya mwisho, utakuta utando wa kuzuia mvua umeanza kunata na kubanduka vipande vipande kama ukoko wa sufuria ya ugali iliyolowekwa usiku kucha. Hiyo ndiyo hukumu, na rufaa hakuna.

Wako wanaojaribu kuifuta. Humwagia jiki, wakidhani wamemhonga. Doa linafifia kidogo, uzi na utando vinalegea, na mvua inayofuata inaingia moja kwa moja hadi kwenye blanketi. Huwezi kuiharibu ripoti ya Kuvu bila kuliharibu hema lenyewe. Ukimjia kwa heshima, kwa siki iliyochanganywa na maji, atakubali kupunguza harufu na kusimamisha kazi. Madoa atakuachia, yawe kumbukumbu rasmi. Ni mkaguzi gani wa nchi hii mwenye uhuru wa namna hiyo? Napendekeza aapishwe. Apewe ofisi mjini, na kibao, ingawa najua hatahitaji samani, kwa kuwa kwenye masjala nyingi za serikali ameshahamia zamani na anaendelea vizuri na faili za mashamba.

Mimi binafsi amenifumbulia tabia za watu ambao ningewadhania malaika. Hema langu limekopwa na vijana wa kanisa, na majirani, na shemeji yangu. Shemeji alilirudisha limekunjwa kwa ustadi, kamba imefungwa kwa fundo zuri, na juu yake akaweka mfuko wa maembe. Nani angemfungulia mtu kama huyo hema mbele yake alikague? Sisi Wakamba tuna nthoni, ile haya ya ukweni. Kuna maneno ambayo huwezi kumwambia shemeji ukaendelea kukaribishwa kula. Kwa hiyo nikakaa kimya, na Kuvu akasema kwa niaba yangu. Nilipolifungua, neti yote ilikuwa imechapishwa, sura zote, na viambatisho. Siku tulipokutana nikamgusia kwa mbali, kwa adabu zote. Akacheka. “Aa, shemeji, lilikuwa limelowa kidogo tu!”

Kidogo tu! Lakini si hicho kidogo ndicho Kuvu anachokitaka! Kwani kuna ugumu gani? Ukifika nyumbani, kabla hujaweka picha kwenye simu watu wakuonee wivu, litoe hema mfukoni. Kung’uta mchanga. Vigingi vioshe peke yake, usivitie na kitambaa. Penye tope chukua sponji, maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, usilitie kwenye mashine, usilikamue kama suruali. Litandaze kivulini penye upepo, maana jua la saa sita hula nailoni polepole. Zipu wazi, ligeuze ndani nje, kisha pitisha kidole kwenye mishono, kwa sababu mishono ndiyo hukauka mwisho, na hapo ndipo kila mtu anaposema limekauka wakati halijakauka. Begi la kulalia litundike, usiliache limeshindiliwa miezi mitatu. Vyote vikikauka, viweke kwenye gunia pana la pamba vipumue. Hakuna mlima hapo! Mtu amekwea Kilimambogo kwa miguu, ameshindwa kutundika kitambaa kwenye kamba ya nguo!

Nirudi kwenye sifa. Kuna shule moja ya bweni ambayo skauti wake walinunuliwa mahema kwa pesa za wazazi. Yalipokelewa kwa sala, hotuba na picha. Baada ya kambi ya kwanza yakaingizwa stoo yakiwa mabichi, mlango ukafungwa, ufunguo ukabaki kwa mwekastoo, na mwekastoo akaenda likizo. Stoo ilipofunguliwa mahema yalikuwa yameungana yakawa kitu kimoja. Kuvu alikuwa ameleta umoja ambao hata gwaride halikuuleta. Kamati ikakaa. Nilisubiri kwa hamu kusikia itaamua nini: labda kamba mbili za kuanikia nyuma ya bweni, labda dirisha kwenye stoo. Kamati ikaamua kununua mahema mapya. Yakapokelewa kwa sala, hotuba na picha, yakaenda kuhifadhiwa. Stoo ni ile ile.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba Kuvu hana ugomvi na mahema. Anachofuata ni ile siku ya pili yake, siku ambayo sherehe imekwisha, kwaya imelipwa, na kilichobaki ni kazi isiyo na picha. Siku hiyo kwetu haina mwenyewe. Hakuna bajeti yake, hakuna kamati yake, na sijaona mheshimiwa wa kibinadamu akikata utepe wa kamba ya kuanikia.

Ingekuwa ni mahema tu, tungecheka tukaachia hapo. Lakini Mheshimiwa ana ukoo mkubwa, na mmoja wa jamaa zake, Aspergillus flavus kwa majina kamili, hukagua mahindi. Ripoti yake inaitwa aflatoksini. Mwaka 1981, wakati Makueni ilikuwa bado ndani ya wilaya ya Machakos, wagonjwa 20 walilazwa hospitalini ini likiwa limeshambuliwa na sumu hiyo, 12 wakafa. Mwaka 2004 akarudi. Kufikia Julai watu 317 walikuwa wameugua na 125 wamekufa, wengi wao Makueni na Kitui, wengine Machakos na Thika. Sampuli 350 za mahindi na unga zilichukuliwa kutoka masoko ya eneo hili, na zaidi ya nusu zikakutwa zimepita kiwango kilichoruhusiwa.

Sababu ni za kawaida mno. Mvua ilinyesha vibaya, njaa na hofu ya wezi zikafanya mahindi yavunwe mabichi na kuingizwa ndani ya nyumba, yakalundikwa sakafuni walikolala watu. Wazee wetu walikuwa na ikumbi, ghala lililosukwa kwa fito na kuinuliwa, upepo ukapita chini na pembeni. Sisi tuna gunia la plastiki lililofungwa mdomo. Mahindi yanatakiwa yashuke hadi unyevu wa asilimia 13 na nusu hivi kabla ya kuhifadhiwa. Mkulima mdogo hana kipimo, anauma punje kwa jino, akisikia imekatika kwa mlio anafunga. Simlaumu. Mwenye njaa hakai siku kumi akigeuza mahindi juani. Wa kulaumiwa ni wale ambao kila baada ya msiba hutoa tamko, na Machi 2021, sumu ilipokutwa tena, wakasimamisha mahindi ya Uganda na Tanzania mpakani, kana kwamba Kuvu huja na pasipoti. Aliyezikwa Makueni mwaka 2004 alikuwa amekula mahindi ya nyumbani kwake.

Wanasayansi ndio waliomwelewa zaidi. Hapa hapa Katumani, kituo kile kile kilichotupa mahindi ya Katumani ya kuwahi mvua fupi, hutengenezwa Aflasafe: punje za mtama zilizopakwa kuvu wa ukoo ule ule, lakini wale wasiotoa sumu. Hunyunyizwa shambani kabla mahindi hayajachanua, wakawahi nafasi na kuwafukuza ndugu zao waovu. Nimesimama nikavua kofia. Nchi imewatafuta watu wa kupambana na Kuvu, na mwenye sifa zinazofaa akaonekana kuwa Kuvu.

Ila mkataba wao unaishia shambani. Mahindi yakishavunwa na kufungwa mabichi, kuvu hao wema hawana la kutusaidia. Kunahitajika turubai safi, upepo, na mtu wa kuyageuza. Mtu huyo nimeshamuuliza. Ameniambia nisiwe na wasiwasi, yamelowa kidogo tu.