Komite ya Ambreyaje

Barabara ya Taifa namba 5 haikulimwa kwa ajili ya magari ya michezo. Inatoka Bukavu, inapanda na kushuka vilima vya Ngweshe, inapita kwetu Nyangezi, halafu inajitupa kwenye makorongo ya Ngomo mpaka Kamanyola, ndipo ishike bonde la Ruzizi kwenda Uvira. Wenye akili huipita kwa lori, kwa Hiace, kwa pikipiki au kwa miguu. Mimi naipita kwa Toyota Celica, gari la milango miwili, tumbo linalokaribia kulamba vumbi, na taa nne za mviringo usoni. Watoto wa mtaa walilibatiza Macho Manne siku lilipoingia. Wazee wao waliuliza swali moja tu: milango mingine ameiuza kwa nani?

Lakini ukoo wa gari hili si wa kudharauliwa. Celica ilishinda Safari Rally ya Kenya mwaka 1984, 1985 na 1986, ikarudia 1990, kisha ikachukua tena 1992 hadi 1995 bila kupumzika. Carlos Sainz alishinda nayo, Juha Kankkunen alishinda nayo, na mwaka 1994 Ian Duncan, Mkenya, akashinda nayo mbele ya watu wa nyumbani. Habari hizi nimezisimulia sana hapa Nyangezi, hasa wakati nasukumwa.

Ni kweli kwamba Celica za mashindano zilikuwa na tabo, na zile za miaka ya tisini zilivutwa na magurudumu yote manne, huku timu nzima ya mafundi kutoka Cologne, Ujerumani, ikizifuata na vipuri. Yangu inavutwa na magurudumu ya mbele, na timu inayoifuata ni ya watoto.

Klachi ilianza kuniaga mlimani. Kwenye barabara hii vizuizi havikosekani, na anayeweka kizuizi ana hekima yake: hukiweka pale ambapo gari haliwezi kukimbia, yaani katikati ya mpando. Hapo dereva anajadiliana kwa mdomo, na mguu wake wa kushoto unajadiliana na mlima. Siku ile kamba iliposhushwa nilikanyaga mafuta, injini ikapiga yowe, sindano ikaruka juu, gari likabaki palepale. Harufu ya kitu kilichoungua ikajaa ndani. Lori la saruji likanipita. Pikipiki yenye abiria wawili na mbuzi ikanipita. Mwishowe akanipita bibi mmoja mwenye mkungu wa ndizi mgongoni, akasimama, akainama dirishani kwa huruma ya kweli: “Mwanangu, nikupunguzie mzigo?”

Fundi wa mjini alitaja bei iliyonifanya niulize kama ni ya klachi au ya gari zima. Na hiyo ilikuwa kabla ya gharama ya kulivuta hadi kwake. Ndipo nikaamua kazi ifanyike nyumbani, kwenye banda la mabati nyuma ya jiko, baada ya kuwahamisha mbuzi. Kitabu cha mafundi kilinitia moyo. Kilihesabu kazi hiyo kwa saa, tena kwa saa za mtu mmoja. Hakikutaja jirani hata mara moja.

Nikafunga lango la ua. Kwa mila za Nyangezi, lango likifungwa mchana maana yake ndani kuna jambo, na jambo halina budi kuhudhuriwa. Kabla sijalegeza nati ya kwanza, Mwalimu alikuwa ameshaketi kwenye kiti. Huyu ni jirani yangu, mstaafu aliyefundisha fizikia kizazi kizima. Nyuma yake walikuja seremala wa kona, shemeji zangu wawili, vijana wa pikipiki, na mzee mmoja ambaye mpaka leo hakuna anayejua alitumwa na nani.

“Iko ambreyaje,” alisema kijana wa kwanza, yaani klachi.

“Hapana, grand, hii iko buati,” alisema wa pili, yaani gia boksi.

“Ni mafuta ya Bukavu,” alisema mzee asiyejulikana. “Wanachanganya.”

Kwetu watu watatu wakikusanyika penye tatizo, wa nne akifika anakuta komite. Mwalimu akawa mwenyekiti bila kupigiwa kura, shemeji mkubwa akawa mweka hazina, yaani mtunza hela zangu, na kijana mmoja mwenye daftari akawa katibu. Mimi mwenye gari sikupata cheo.

Mwenyekiti alifungua kikao kwa somo. Aliagiza sahani mbili za bati na kipande cha kandambili. “Sahani hii ni injini, inazunguka daima. Hii ni presha pleti, inabana. Kandambili ni diski, ndiyo inayopeleka nguvu kwenye gia boksi. Ukikanyaga pedali, sahani zinaachia. Ukiachia pedali, zinabana. Ukikanyaga nusu nusu mlimani ili uongee na watu wa kizuizi, sahani inasugua kandambili.” Akasugua kwa nguvu mpaka tukasikia harufu ya mpira. Hakuna aliyehitaji maelezo zaidi, isipokuwa mama watoto, aliyekuja kuchukua sahani zake na kutaka kujua kandambili hiyo ilitoka mguu gani.

Kazi ilianza kwa kriki, yaani jeki, kuzama. Sakafu ya banda ni udongo, na udongo wa Nyangezi una ukarimu: kila unachousimamisha juu yake unakipokea. Tulinyanyua na kriki ikashuka, tukanyanyua tena ikashuka, gari likiwa limetulia kimo kilekile. Seremala ndiye aliyetuokoa. Alileta ubao mnene wa kuweka chini ya kriki, magogo ya mkaratusi ya kulishikilia gari, na mti mrefu tulioulaza juu ya mabega ya gari ili injini ining'inie kwa mnyororo gia boksi itakapotoka.

Nati ya ekseli ilidai spana ya 30. Nyangezi nzima haikuwa nayo, lakini barabarani lori lililotoka Uvira lilikuwa limekwama, na dereva wa lori hubeba spana ambazo sisi wengine huziona kwenye picha. Alituazima kwa roho nyeupe: tutumie mpaka lori lake lipone. Lilipona upesi kupita uvumi wote. Tulikuwa bado upande wa kwanza, shemeji akining'inia kwenye bomba tulilolichomeka ili kurefusha spana, honi ikaanza kulia barabarani. Ikalia mpaka kuku wakahama. Hatimaye dereva akaja mwenyewe, akatazama, akavua shati na kuifungua nati ya pili kwa mkono mmoja. Kisha akaomba chakula. Katibu akamwandika kwenye daftari kama mwanachama wa heshima.

Kumwaga mafuta ya gia kulihitaji chombo, na komite ikaokota besheni ya kwanza iliyoonekana. Ilikuwa ya kukandia unga wa muhogo. Ambaye hajawahi kunusa mafuta ya gia yaliyozeeka ashukuru Mungu. Yana harufu ya yai lililosahauliwa, na harufu hiyo haitoki kwa sabuni, wala kwa majivu, wala kwa maombi. Mama watoto aliifua besheni, akainusa, akaiweka mbele yangu bila kusema neno, akaenda soko la Munya kununua nyingine. Mweka hazina akaandika matumizi.

Gia boksi ilipotoka, kilichoungua kilionekana wazi. Diski ilikuwa imekwisha hadi ribiti, na ribiti zimechora duara kwenye presha pleti. Tukaifunga kwenye gazeti, nikaipeleka Kadutu, mjini Bukavu, kutafuta nyingine. Muuzaji mmoja alinipa diski iliyofanana nayo kwa kila kitu isipokuwa meno ya katikati, mahali inapoingia shafti. “Chukua, itaingia,” alisema. “Toyota ni Toyota.” Tukaweka moja juu ya nyingine, tukahesabu meno kwa kidole, na meno hayakukubaliana. Duka la pili walikuwa na seti kamili. Nikatoa noti ya dola mia. Muuzaji akaiinua kwenye mwanga, akaona alama nyeusi ya kidole gumba changu karibu na shingo ya Benjamin Franklin, akanirudishia kwa ncha za vidole. Mnajua mambo yetu na dola: noti ikichanika kidogo imekufa, ikiwa na doa ni mgonjwa mahututi. Ilibidi nimwendee mbadilisha fedha, aliyekubali kuihurumia kwa kukata sehemu yake, na huruma ile haikuwa ndogo.

Niliporudi, nilifungua boksi hadharani ili komite ishuhudie: diski, presha pleti, beringi. Tukala, tukanywa kidogo kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Tulipoinuka, beringi haikuwepo. Mwenyekiti akaamuru msako. Mzee asiyejulikana alipekuliwa kwanza, kwa heshima. Ndipo tukasikia mlio laini kutoka barazani, mlio wa chuma kinachozunguka bila shida yoyote. Mwanangu wa mwisho alikuwa anajenga kigari cha mbao, na kwa gurudumu la mbele alikuwa amepata kitu kipya cha Japani, kimejaa grisi. Alilia kwa uchungu wa mvumbuzi aliyenyang'anywa hataza. Tukampa beringi ya zamani. Alizungusha, akasikiliza inavyokwaruza, akatuambia, “Hii imekufa.” Utambuzi wake ulikuwa sahihi kuliko wa watu wazima wote wa siku ya kwanza.

Diski mpya lazima ikae katikati kabisa, la sivyo shafti ya gia boksi haipiti. Mafundi wana kifaa chao cha kuiweka katikati, seremala alikuwa na tawi la mpera. Alilichonga, akalipima kwenye tundu, akalipaka mate, akachonga tena, mpaka likaingia kwa mlio mdogo uliotufanya wote tunyamaze. Baadaye tukainua gia boksi, watu wanne wamelala chali chini ya gari, wa tano akihesabu. Iligoma mara kadhaa. Kina mama wa kwaya waliokuwa wanapita wakasimama langoni, wakatuona tunavyohesabu kila mtu kwa wakati wake, wakatuimbia ili tupate mwendo mmoja. Kwenye kibwagizo ikaingia.

Siku ya kulijaribu, gari lenye viti vinne lilipanda mlima na watu saba. Halikuteleza. Kabla hatujashuka, Mwalimu alimwagiza katibu aandike azimio: mwenye gari akikutwa ameegemeza mguu kwenye pedali ya klachi, atatoa dumu la kasiksi. Tangu hapo nikipita njiani, hata watu nisiowajua hunipigia kelele, “Mguu!”

Mweka hazina aliposoma hesabu, jumla ya besheni, kasiksi, chakula, chakula cha dereva wa lori na noti mgonjwa ilikuwa imeipita bei ya fundi wa mjini. Nikapendekeza komite ivunjwe. Mjadala ulikuwa bado unaendelea Hiace moja iliposukumwa langoni, na mwenyewe akauliza kama hapa ndipo wanapofungua ambreyaje. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumwambia amepotea.

“Karibu sana, papa,” alisema Mwalimu, akimsogezea kiti. “Kriki tunayo.”

“Na dola,” akaongeza mweka hazina, “iwe safi.”