Mtaalamu wa Kulaza Karata

Isha imeshasaliwa, sinia la kashata limeshazunguka mara moja, na pale Jaws Corner, njia panda ya Mji Mkongwe iliyopewa jina la filamu ya papa ya mwaka 1975, wazee wanne wameinamia dhumna. Ndipo Mtaalamu alipoinuka barazani, akakohoa kama khatibu anayepanda mimbari, akatangaza mada: "Falsafa, Hesabu na Adabu za Kulaza Karata Nzuri, Sehemu ya Kwanza." Hakuna aliyemwalika. Hakuna pia aliyethubutu kuuliza sehemu ziko ngapi.

Cheo cha utaalamu amejitunuku mwenyewe, na shahada yake ni simu yenye kioo kilichopasuka. Humo hucheza poka ya mtandaoni na watu asiowajua sura wala lugha, kwa chipsi za bure ambazo programu humgawia kila asubuhi.

"Chipsi kavu au chipsi mayai?" akauliza kijana mmoja.

Mtaalamu akamtazama kwa huruma ya msomi. Chipsi hizi, akafafanua, ni vidude vya kuhesabia tu. Hazina thamani, hazibadilishwi fedha, na kwa hiyo mtu asije akamtia katika mambo ya kamari. Mzee mmoja wa dhumna akasema bila ya kuinua kichwa: "Kama hazina thamani, yakhe, unaogopa nini kuzipoteza?" Swali likaahirishwa hadi Sehemu ya Pili.

Akaanza na istilahi. Mchezaji anayezirudisha karata zake kifudifudi na kujitoa, wengi husema "ametupa". Mtaalamu amelikataa neno hilo, kwa hoja kwamba kinachotupwa ni taka. Yeye anasema "kulaza", kwa heshima ya bao, ambako zamu ya mtu ikiisha huambiwa amelala. Neno hilo, alieleza, tayari limo kamusini. Kamusi yenyewe tu ndiyo haijaarifiwa.

Kisha akaingia kwenye nasaba ya karata, na hapa, lazima ikubalike, alisema kweli. Shupaza, kopa, uru na pau ni maneno ya Kireno; turufu nayo ni ya huko huko. Wareno walifika pwani hii mwaka 1498, na mwisho wa karne ya 17 Waomani wakawatoa. Hapo Forodhani Ngome Kongwe imesimama juu ya kiwanja cha kanisa lao. Mizinga yao imekwisha, karata zao bado zinagawiwa. Na katika wahedi wa sitini kila mtoto wa mjini anajua hesabu: ree 11, seti 10, mzungu wa nne 4, wa tatu 3, wa pili 2. Jumla ya karata zote ni 120, ndiyo maana mwenye 61 ameshinda na mchezo ukapata jina lake.

"Lakini tazameni kasoro!" akanguruma Mtaalamu. Wahedi wa sitini hauna kulaza. Ukishagawiwa, utacheza mpaka karata ya mwisho, hata kama mkononi umeshika uchafu mtupu. Kwa hiyo, alihitimisha, Mzanzibari analelewa na mchezo usio na mlango wa kutokea, kisha anaingia kwenye poka, ambayo nusu ya ufundi wake ni kuujua mlango.

Poka inayochezwa zaidi mtandaoni humpa kila mtu karata mbili za siri, na mezani zinafunuliwa tano za wote: tatu kwa pamoja, kisha moja, kisha moja. Kupata ree mbili za siri hutokea mara moja katika kila mara 221. Dhidi ya mtu mmoja mwenye karata zozote, ree hizo hushinda takriban mara 85 kati ya 100. Dhidi ya watu wanane waliong'ang'ania wote mpaka mwisho, hushinda kama mara 35 tu. Wazungu wa nne wawili nao ni karata za kifalme, lakini ukiwa nao, takriban mara 23 kati ya 100 ree itatokea katika karata tatu za mwanzo. "Hapo," alisema Mtaalamu, "mfalme wako ameshavuliwa kilemba, na wewe bado unampepea."

Ili umma uelewe bei, akaliomba sinia la muuza kahawa. Akaweka kashata nne katikati: hilo ndilo fungu. Adui anatia mbili, zinakuwa sita. Wewe, ukitaka kubaki, lazima utie mbili. Unalipa mbili ili ugombee nane, kwa hiyo ukiweza kushinda mara moja tu katika kila mara nne, hujapoteza kitu. Usiulize kama karata zako ni nzuri. Uliza ni mara ngapi zitashinda, na kubaki kunagharimu kiasi gani. Karata nzuri kwa bei mbaya ni sawa na samaki mzuri wa Darajani saa 10 jioni bila ya barafu. Wazee wawili waliitikia kwa kichwa. Alipogeuka kurudisha mtaji kwenye sinia, kashata zilikuwa tano.

Akapanda ngazi. Mwaka 2003, mhasibu wa Tennessee aitwaye Chris Moneymaker aliingia katika shindano dogo la mtandaoni kwa dola 86, akafuzu kwenda Las Vegas kwenye mashindano ambayo wengine walilipia dola 10,000 kuingia. Walikuwa watu 839. Wakabaki wawili: yeye na Sammy Farha, mzaliwa wa Beirut, mkongwe wa meza. Mezani zikatokea tisa, mbili, sita, nane na tatu. Tisa, sita na nane zote shupaza. Farha alikuwa na tisa yake mkononi, kwa hiyo jozi kubwa kuliko zote za mezani. Moneymaker hakuwa na kitu. Alikuwa amengojea shupaza nyingine, haikuja. Akasukuma chipsi zake zote, akanyamaza.

Farha akafikiri, akafikiri tena, akazilaza. Mkwara ulikuwa umefaulu. Muda si mrefu shindano likamalizika, na mhasibu akaondoka na dola milioni 2.5.

"Kwa hiyo Farha alikosea kulaza," akasema kijana wa chipsi.

"Farha alilaza kwa usahihi uliokosewa," akajibu Mtaalamu, na kwa mara ya kwanza usiku ule hakuna aliyejua kama hiyo ilikuwa elimu au kiwewe.

Basi akaigeuza shingo kuelekea baharini. Mji huu wenyewe, alisema, ulishaona karata nzuri zikishikiliwa kupita wakati wake. Tarehe 25 Agosti 1896 alifariki Sultani Hamad bin Thuwaini, na Khalid bin Barghash akaingia kasri bila ya ridhaa ya Waingereza. Mkononi alikuwa na nini? Kasri, askari na wafuasi wanaokisiwa 2,800, mizinga, na meli yake, Glasgow, bandarini. Kwa macho ya barazani, hizo ni karata nzuri. Lakini bandari hiyo hiyo ilikuwa na manowari tano za Kiingereza, na aliyekuwa akitazama karata zilizofunuliwa angeziona akiwa dirishani. Waingereza wakampa mwisho saa 3 asubuhi ya tarehe 27. Nusu saa kabla, Khalid akajibu kwamba haamini kama watafyatua. Yaani, kwa istilahi ya Mtaalamu, alidhani ni mkwara.

Saa 3 na dakika 2 mizinga ikaanza. Kwa hesabu iliyozoeleka, dakika 38 baadaye yalikuwa yamekwisha: kasri limevunjika, Glasgow imezama, na watu wapatao 500 wa upande wa Khalid wameuawa au kujeruhiwa. Khalid alikimbilia ubalozi mdogo wa Wajerumani. Tarehe 2 Oktoba, maji yakiwa yamejaa, boti ya Wajerumani ikasogea hadi uani ili asikanyage tena ardhi ya Unguja, akachukuliwa hadi Dar es Salaam. Waingereza walimkamata mwaka 1916, wakampeleka uhamishoni St Helena na Shelisheli. Alifariki Mombasa mwaka 1927.

"Mtazameni sasa baba yake!" Sauti ya Mtaalamu ikapanda hata paka wakahama. Barghash bin Said, mwaka 1873, aliwekewa mkataba wa kusimamisha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Alimkatalia Bartle Frere aliyetumwa kutoka London. Lakini tufani ya Aprili 1872 ilikuwa imeshalaza mikarafuu ya Unguja na kumzamishia meli, na John Kirk, balozi mdogo wa Waingereza, aliporudi na habari kwamba manowari zitaifunga bandari, Barghash alizipima karata zake upya. Tarehe 5 Juni 1873 akatia saini. Soko likafungwa, na yeye akabaki kwenye kiti hadi mauti yalipomkuta mwaka 1888, akiwa ameshajenga Beit al-Ajaib. "Ndiyo maana ya kulaza karata yenye thamani!"

Yule mzee wa dhumna akaweka jiwe lake chini taratibu. "Zile hazikuwa karata, mwanangu. Zilikuwa roho za watu. Kanisa la Mkunazini limejengwa pale pale waliposimamishwa kuuzwa."

Mtaalamu akafungua mdomo, akaufunga. Muuza kahawa akapita akigonganisha vikombe vyake, na kwa muda sauti ikawa hiyo tu.

Mtaalamu aliporudi kwenye somo, alirudi na mashine. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon na kampuni ya Facebook walitangaza programu iitwayo Pluribus, iliyowashinda mabingwa wa poka katika meza ya watu sita. Siri yake, kwa maoni ya Mtaalamu, haikuwa akili. Pluribus haina baraza. Ikilaza karata nzuri, hakuna atakayeisubiri kesho asubuhi penye kahawa aiulize: mbona ulikimbia, nawe ulishika wazungu wawili? Mtandaoni hata sura ya adui haionekani, isipokuwa kiasi anachoweka na muda anaochukua kuamua. Lakini mchezaji wa Unguja, alilalamika, hata akiwa peke yake chumbani, hucheza na mtaa mzima umekaa begani.

"Basi njoo tukuondolee mtaa begani," akasema mzee, akasukuma dhumna kando na kuvuta bao.

Zikapangwa kete: sita nyumbani, mbili na mbili pembeni, 22 mkononi kwa kila mmoja. Mtaalamu alianza vizuri. Akala, akala tena, nyumba yake ikanona hadi kete 11. Katika zamu moja alikula upande wa kulia, akasambaza, na kete ya mwisho ikaangukia nyumbani kwenyewe. Zikawa 12. Hapo sheria inamwachia mwenye nyumba hiari: alale, au asafiri, azichote zote azisambaze.

"Safiri!" wakasema vijana. "Nyumba inatazamwa hiyo!"

Mtaalamu akaitazama nyumba. Ilikuwa nyumba nzuri, iliyojaa, inayoonekana hadi baraza ya ng'ambo.

"Nalala," akasema.

Mzee akatoa kete moja mkononi, akaitia katika shimo lake linaloitazama nyumba, ambalo lilikuwa na mbili zinazongoja. Akazikomba zote 12, akaanza kuzisambaza kutoka kichwani, moja moja, bila ya haraka. Muuza kahawa aliinama sikioni mwa Mtaalamu kumkumbusha kashata moja iliyopotea kwenye somo la hesabu. Mtaalamu hakuondoa macho kwenye ubao. Akasema ataongeza mbili, alipe zote tatu bao likiisha.