Uainishaji wa Wamiliki wa Chensoo wa Jumamosi, Pamoja na Maradhi ya Mashine Zao

Mpaka leo hajajitokeza mtaalamu wa kuwapanga katika makundi watu wanaomiliki chensoo bila kuwa wakata miti. Wakata miti wenyewe tunawajua: alfajiri wako njiani, jioni wako shambani bado, na mashine zao hupumzika siku zinapoharibika. Tunaowazungumzia hapa ni wengine. Ni mwalimu wa Mafinga mwenye ekari tatu za misindano, muuguzi wa Njombe aliyerithi milingoti ya baba yake, na karani wa Dar es Salaam ambaye shamba lake liko Kilolo na yeye huliona Krismasi na Pasaka. Hawa hukata miti kama watu wanavyokwenda harusini, kwa msimu na kwa nguo za kuazima.

Katika kazi hii tumemfuata Carl Linnaeus, yule Mswidi ambaye mwaka 1753 alitoa kitabu cha kuipa mimea yote aliyoijua majina ya sehemu mbili. Utafiti huu unakataa kuamini kuwa ni sadfa tu kwamba Linnaeus alizaliwa Småland, jimbo lile lile lenye mji ulioipa jina Husqvarna, kampuni iliyoanza na bunduki mwaka 1689 na kufikia chensoo mwaka 1959. Linnaeus aliipanga mimea kwa kuhesabu stameni zake. Nasi tulihitaji kitu cha kuhesabu, na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia.

Madhehebu ya kwanza, na yenye wafuasi wengi, ni ya Inchi. Hawa humpima mtu kwa urefu wa bamba linalobeba cheni. Mfuasi wa Inchi akiingia dukani haulizi mashine inakula nini wala spea zake ziko wapi, anauliza, “Hii ndiyo kubwa mliyonayo?” Ndiyo maana unaweza kumkuta mtu mwenye msindano mnene kuliko yote shambani usiozidi sentimita 25, lakini begani amebeba Stihl 070, mashine yenye injini ya zaidi ya sentimita za ujazo 100, kilo kumi na ushei kabla hujaifunga bamba wala kuitia mafuta. Mashine ile inafaa kupasua magogo makubwa mbao msituni, ikiwa mikononi mwa mtu aliyeizoea. Kwa mkata matawi wa Jumamosi inafaa kumvunja mgongo. Miti ya shamba la kawaida inatoshwa na bamba la sentimita 40 na injini ya sentimita za ujazo 45 mpaka 60, kwa kuwa gogo linaweza kukatwa upande huu kisha upande ule, na bamba likashinda kitu kinene kuliko lenyewe. Kwa kupunguza matawi na kukata kuni, hata zile ndogo za sentimita za ujazo 32 zinatosha sana. Mfuasi wa Inchi ukimwambia hayo anakutazama kwa huruma.

Madhehebu ya pili ni ya Rangi, yanayoamini kwamba machungwa na nyeupe ni Mjerumani na machungwa matupu ni Mswidi. Udhaifu wa nadharia hii ni kwamba rangi ndiyo rahisi kughushi kuliko kitu kingine chochote kwenye mashine. Soko limejaa mashine zilizovaa sare ya Stihl ambazo Stihl haijawahi kuziona. Swali la maana kabla ya bei ni jingine: kiwambo cha kabureta na ringi za mashine hii nitazipata wapi hapa karibu? Muuzaji akianza kuzungumzia udhamini badala ya kutaja duka, umeshajibiwa.

Anayenunua iliyokwisha tumika ana vipimo viwili ambavyo mtafiti anavikubali bila masharti. Cha kwanza: injini ikiwa imezima na imepoa, inyanyue mashine kwa kushika mpini wa kamba ya kuwashia peke yake. Ikishuka kwa kusitasita, kama inayobishana na mkono wako, bado ina pumzi. Ikiteremka moja kwa moja, silinda imechoka. Cha pili ni kufungua silensa, kazi ya dakika chache kwa spana, na kumulika ndani kwa tochi ya simu. Kupitia tundu la moshi utaiona pistoni ubavuni. Ikiwa laini, endelea kupatana bei. Ikiwa na mikwaruzo iliyosimama wima, mtu aliwahi kuiendesha bila oili ya kutosha, na sasa anakuuzia matokeo.

Baada ya kuyapima madhehebu hayo mawili na kuyakuta yanapima mashine tu huku mtu akiachwa, utafiti huu unapendekeza kipimo kipya: anachofanya mmiliki katika saa moja baada ya kumaliza kukata. Sababu ni ya kitabibu. Chensoo ya mkata miti hufa kwa kazi. Chensoo ya mtu wa Jumamosi hufa kwa kupumzika. Tukiyafuata makaburi yake tutakuta kwamba nyingi zilikuwa nzima siku ya mwisho zilipozimwa. Kilichoziua ni miezi minne ya stoo iliyofuata. Kwa kipimo hicho makundi yanajitokeza yenyewe.

Kundi kubwa kuliko yote ni la Dumu. Injini ya chensoo haina sehemu yake ya kuwekea oili kama gari. Oili husafiri ndani ya petroli na kulainisha pistoni na beringi njiani. Kwa hiyo mafuta huchanganywa kabla: mililita 20 za oili ya tustroki bora kwa kila lita ya petroli kwa mashine nyingi za kisasa, yaani moja kwa hamsini, au mililita 40, moja kwa ishirini na tano, kama kitabu cha mashine au chupa ya oili inavyoagiza. Mmiliki wa Dumu huyachanganya ndani ya dumu la lita tano la mafuta ya kupikia, anatumia lita moja na nusu, na zilizobaki zinarudi chini ya kitanda cha stoo. Dumu halina tarehe. Baada ya miezi sita hakuna ajuaye kama ni mchanganyiko, petroli tupu, au mafuta ya taa ya mama mkwe.

Ndani ya kundi hili tumetambua spishi tatu. Kuna Dumu la Makisio, anayepima kwa jicho na kusema rangi imekubali. Kuna Dumu la Baraka, anayeamini kwamba oili ikizidi ni heri. Mashine yake hutoa moshi wa kufukuza nyuki, plagi inajaa masizi meusi, na tundu la moshi linaziba polepole. Na kuna Dumu la Petroli Tupu, spishi yenye maisha mafupi sana kimaumbile: anawasha, anakata mti mmoja na nusu, mashine inalia kwa sauti nyembamba kuliko kawaida, kisha inanyamaza kabisa. Mafundi husema imenoki. Gharama ya kuirudisha hai hukaribia nusu ya bei yake, na ndiyo siku mmiliki anapojifunza kwamba kifuniko kile cha chupa ya oili kilikuwa na mistari ya kupimia.

Hata mchanganyiko uliopimwa vizuri hauvumilii kusahauliwa. Petroli hupoteza kwanza zile sehemu zake nyepesi zinazoshika moto haraka. Kinachobaki huwa kizito na kuacha utando wa kahawia unaonata. Kabureta ya chensoo ina matundu membamba kuliko sindano ya kushonea, na kiwambo kama cha mpira, chembamba kama karatasi, kinachopiga huku na huku kusukuma mafuta. Fundi akiifungua kabureta ya Mmiliki wa Dumu baada ya masika, harufu inamfikia mteja kabla ya maelezo: ni harufu ya vanishi. Kiwambo kilichopaswa kulegea kinakauka na kusimama kikakamavu. Fundi mvivu hakibadilishi. Anachukua bisibisi na kuizungusha ile skrubu yenye herufi H mpaka mashine inapiga kelele kali, na mteja anaondoka akifurahi kwamba imeongezeka nguvu. Kilichoongezeka ni hewa. Mafuta yamepungua, na oili imepungua pamoja nayo, kwa sababu vinasafiri gari moja. Pistoni inapata habari hiyo kabla ya mwenyewe.

Kundi la Sebuleni tutalipita haraka. Mashine yake imefunikwa kitambaa cha kufuma kando ya televisheni, haina vumbi, na tanki limejaa mpaka juu “isije ikashika kutu.” Ni safi kuliko zote na ni mgonjwa kuliko zote.

Kundi la Shemeji linahitaji uangalifu, kwa kuwa mtafiti anaishi miongoni mwao. Huyu mashine yake ni nzuri na anaitunza, lakini haijui kukaa nyumbani. Jumamosi iko kwa shemeji, Jumapili kwa mjumbe wa mtaa, Jumatatu inarudi ikiwa na kauli moja isiyobadilika: “Sikukata sana.” Ushahidi uko ardhini. Cheni kali hutema vipande vya mbao, vile unavyoweza kuviokota kimoja kimoja. Cheni butu hutema unga. Nenda ulipokatwa mti wa shemeji, chota kiganja kimoja, na utajua kama bamba liligusa udongo, jiwe au msumari wa uzio.

Kunoa ndiyo elimu ambayo kundi hili hulazimika kuipata, nalo huipata vizuri. Cheni ya kawaida ya inchi 3/8 inanolewa kwa tupa ya mviringo ya milimita 5.2, ya inchi 0.325 kwa tupa ya milimita 4.8; ukichanganya, jino linanolewa chini au juu ya pale panapokata. Tupa husukumwa kwenda mbele tu, kwa pembe ya digrii 30 hivi, misukumo ileile kila jino, kwanza meno ya upande mmoja kisha geuka upande wa pili. Ukilipa jino la kushoto misukumo mitano na la kulia miwili kwa sababu mkono umechoka, mashine itakata kwa kupinda kama mtu anayechechemea. Mbele ya kila jino kuna kizingiti kidogo kinachopaswa kuwa chini ya jino kwa kiasi cha milimita 0.65; wengi hawajawahi kukigusa, kisha wanashangaa cheni inang'aa lakini inapapasa mti tu. Jino lenyewe ni wazo la mdudu. Joseph Cox, mkata miti wa Oregon, mwaka 1946 alimtazama kwa makini funza wa mbawakawa akitafuna gogo, akaona anakula kwa kuelekea kushoto na kulia bila kujali nyuzi za mti, na mwaka uliofuata akaanza kuuza cheni ya namna hiyo. Funza yule hakuwa na shemeji.

Kundi la Oili Chafu huilainisha cheni yake kwa oili iliyomwagwa kutoka kwenye Fuso. Utetezi wao ni mzito: oili ya cheni ni ghali na vijijini haifiki. Lakini oili chafu imebeba chembe za chuma, inaziba pampu ndogo ya oili, haina ule mnato wa kung'ang'ania cheni inapozunguka, na inayorushwa humwangukia mtu mikononi na usoni, nayo si dawa ya ngozi. Oili safi ya injini, hata ya bei ya chini, ni afadhali. Wenye misindano wanajua tatizo la ziada, utomvu, unaoganda kwenye mfereji wa bamba mpaka oili inakosa njia. Waya mwembamba wa kukwangua na tabia ya kuligeuza bamba juu chini kila baada ya kunoa mara kadhaa vinalipa kuliko bamba jipya.

Kuhusu Kundi la Kandambili, yaani wanaokata miti wakiwa wamevaa kandambili, mtafiti ana neno moja la historia. Cheni ya kwanza ya meno haikukusudiwa mti. Ilibuniwa na madaktari wawili wa Uskoti, John Aitken na James Jeffray, katika miaka ya 1780, kwa ajili ya kukata mfupa wa binadamu. Leo cheni inazunguka mita 20 hivi kwa sekunde, na ile robo ya juu ya ncha ya bamba ikigusa gogo lingine hurusha mashine nzima kuelekea usoni mwa aliyeishika. Suruali ya kazi hiyo ina nyuzi ndefu zinazochomoka na kuikaba cheni kabla haijafika kwenye nyama. Kandambili hazina nyuzi hizo.

Kuna kundi adimu ambalo tumewahi kuliona kwa nadra, hasa miongoni mwa mafundi cherehani na wastaafu wa reli. Huyu akimaliza kukata hamalizi. Humwaga mafuta ya tanki kwenye chombo, huwasha mashine na kuiacha ijizime yenyewe ikiwa imenyonya kabureta yote, hufungua chujio la hewa na kulipiga brashi, hulegeza cheni kidogo kwa sababu chuma cha moto kikipoa hujikaza na kuvuta shafti, kisha hufuta. Hayo yote ni dakika ishirini. Mafundi humchukia kimyakimya.

Limebaki suala moja ambalo Linnaeus mwenyewe lingemsumbua. Ni mtu mwenye ekari mbili za milingoti ambaye hana chensoo kabisa. Wakati wa kuvuna humwita kijana mwenye mashine, humlipa kwa mti, humnunulia soda, na jioni hulala. Hajui rangi ya kabureta, hajanunua tupa, na shemeji zake hawamtembelei Jumamosi. Baadhi ya watafiti wanataka awekwe daraja la juu kuliko wote, wengine wanasema hawezi kuainishwa kwa kuwa hana kitu cha kuainishia. Wanaopinga kwa ukali zaidi ni wale waliokwisha nunua.