Tumbili, Birika na Seva ya Kampuni

Seva ya kampuni ya kawaida mjini Kakamega haiishi peke yake. Chumba kilichoandikwa mlangoni "Usiingie bila ruhusa" kina seva, ndiyo, lakini pia kina ndoo na mopu, katoni za risiti za mwaka juzi, bango la mkutano mkuu uliopita, kiti cha miguu mitatu kinachongoja fundi, na birika la umeme. Birika ndilo lenye cheo. Saa nne asubuhi chai lazima ichemke. Soketi ya ukutani ni moja, ekstensheni ina matundu manne, na humo ruta, swichi, seva na birika hukaa kwa amani mpaka mtu aje na chaja ya simu. Hapo mmoja wao lazima ang'olewe. Birika likizimika, watu hulalamika papo hapo. Seva ikizimika, watu husema tu kwamba sistimu imegoma leo. Basi uamuzi huwa mwepesi.

Bodi inapoketi kujadili usalama wa mtandao, hata hivyo, birika halimo kwenye ajenda. Hutajwa Warusi, Wachina na vijana wasiojulikana wanaovaa kofia za kufunika uso. Kisha hununuliwa kisanduku cha faiawoli kwa bei ya pikipiki, kikawekwa juu ya katoni zile zile za risiti, taa zake zikawaka kijani, na wajumbe wakarudi nyumbani roho zimetulia. Sina ugomvi na kisanduku. Hoja yangu ni kwamba kitu kuwapo ofisini ni jambo moja na kitu hicho kufanya kazi siku ya shida ni jambo jingine, na kwamba misiba mingi ya seva, ukiifukua, chini yake utakuta kinga iliyokuwapo lakini haikuwahi kukaguliwa. Usalama wa seva ni kazi ya kukagua kabla ya kuwa kazi ya kununua. Ni kazi ya kuchosha, na ndiyo maana haina mwenyewe.

Tuanze na stima, maana bila stima hakuna hata cha kudukuliwa. Mvua ya Kakamega ina ratiba: jua la asubuhi, mawingu baada ya chakula cha mchana, kisha radi inayotikisa madirisha kuanzia Lurambi hadi Khayega. Mama anayechoma mahindi kando ya barabara huona wingu likiiva na kukunja turubai lake mapema. Seva pekee ndiyo isiyopewa taarifa. Wala si lazima iwe radi. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alipanda paa la kituo cha umeme cha Gitaru, kwenye Mto Tana, akaangukia transfoma, na Kenya nzima ikaingia gizani kwa saa kadhaa. KenGen, kampuni inayoendesha kituo hicho, ilieleza kwamba vituo vyake vimezungushiwa ua wa umeme wa kuzuia wanyama. Ua ulikuwapo, na tumbili pia alikuwapo, kwa ndani. Alitoka salama, akakabidhiwa Shirika la Wanyamapori, wala hakuandikisha taarifa. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea tena sehemu kubwa ya nchi, na jenereta iliyohudumia sehemu ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ikakataa kuwaka, hata waziri wa uchukuzi wa wakati huo, Kipchumba Murkomen, akaomba radhi hadharani. Jenereta nayo ilikuwapo. Ikiwa uwanja wa ndege mkubwa kuliko yote nchini unaweza kupatikana hivyo, ofisi iliyo mwendo mfupi kutoka msitu wenye mbega na kima haina haki ya kushangaa. Betri ya UPS, kile kifaa cha kuishikilia seva stima ikikatika, huchoka baada ya miaka mitatu hadi mitano hivi, na kabla ya kufa hulia kwa sauti ya kukera. Dawa inayotumika katika ofisi nyingi ni kubonyeza kitufe cha kuinyamazisha.

Kutoka kwenye stima twende kwenye nywila. Kampuni yenye bidii huagiza kila mfanyakazi abadilishe nywila yake kila baada ya siku 90, na iwe na herufi kubwa, tarakimu na alama. Mfanyakazi mtiifu huanza na "Kakamega1!", akafuata na "Kakamega2!", na baada ya miaka miwili yuko kwenye "Kakamega9!", hivi kwamba mdukuzi anayejua kuhesabu hadi kumi anatosha. Asiye na kumbukumbu huiandika kwenye karatasi na kuibandika chini ya kibodi, mahali ambapo anayefagia huiona kila asubuhi. Sheria hii ina babu yake: mwongozo wa mwaka 2003 wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ulioandikwa na Bill Burr. Mwaka 2017, akiwa amestaafu, Burr aliliambia gazeti la Wall Street Journal kwamba anajutia mengi ya aliyoyaandika, na mwaka huo huo NIST ilitoa mwongozo mpya unaopendelea nywila ndefu inayokumbukika, isiyobadilishwa mpaka kuwe na dalili kwamba imevuja. Mwandishi wa sheria ameiacha, taasisi yake imeiacha, lakini katika ofisi zetu ingali inatekelezwa kwa ukali wa mwalimu wa zamu. Ofisi hizo hizo zinazomsumbua karani kila baada ya siku 90 hazijafunga akaunti ya mhasibu aliyehamia Kitale mwaka jana, na ruta yao bado inafunguka kwa "admin" na "admin", jinsi ilivyotoka dukani.

Hapo ndipo husikika pingamizi linalopendwa kuliko yote: sisi ni wadogo, nani atutafute huku? Jibu ni kwamba hakuna anayekutafuta, na hilo ndilo tatizo. Mwaka 2016 programu iliyoitwa Mirai ilizunguka intaneti ikibisha hodi kwenye kila kamera na ruta iliyoikuta, ikiwa na orodha ya majina na nywila za kiwandani sitini hivi tu. Iliyofunguka ilisajiliwa jeshini bila kuulizwa ni ya nani. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo jeshi hilo liliishambulia kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikielekeza majina ya tovuti kwenye anwani zake, na tovuti kubwa kama Twitter na Netflix zikawa hazifikiki kwa watu wengi. Programu ya aina hiyo haijui Nairobi wala Mumias. Inachojua ni anwani na mlango ulio wazi. Isitoshe, anayesema ni mdogo huwa ameshika namba za vitambulisho, namba za simu na mikopo ya wanachama wake wote. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka aarifu ofisi ya kamishna wa data ndani ya saa 72 baada ya kugundua uvujaji, na adhabu inaweza kufika shilingi milioni tano au asilimia moja ya mapato ya mwaka, kutegemea kipi ni kidogo. Hapo kwenye kipi ni kidogo, udogo wako utakusaidia kweli. Kwingineko hautakusaidia.

Sasa nakala rudufu, mahali ambapo maneno matamu na ukweli huachana kabisa. Kila ofisi inazo. Ukiuliza ziko wapi, utaonyeshwa diski ya nje iliyochomekwa kwenye seva yenyewe, juu ya seva yenyewe, ili moto, mwizi au virusi vikija visipate taabu ya kutembea. Ukiuliza lini mara ya mwisho mtu alijaribu kurejesha faili kutoka humo, kikohozi kitaanza. Wasijione wanyonge, kwani wakubwa wamekohoa pia. Tarehe 31 Januari 2017 fundi wa GitLab, kampuni inayowatunzia watengenezaji wa programu kazi zao, alikuwa akihangaika usiku, akadhani yuko kwenye seva ya akiba, kumbe yuko kwenye seva kuu, akafuta takriban gigabaiti 300 za hifadhidata. Kampuni ilikuwa na njia tano za kuhifadhi nakala. Hakuna hata moja iliyofanya kazi ipasavyo. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mtu aliichukua kwa mkono saa sita hivi kabla ya tukio, kwa shughuli nyingine kabisa.

Kampuni ya meli ya Maersk, ambayo makontena yake tunayaona kwenye malori ya kutoka Mombasa, iliokolewa na jambo la ajabu zaidi. Tarehe 27 Juni 2017 virusi vya NotPetya vilifuta seva zake zinazotunza orodha ya watumiaji na ruhusa zao, duniani kote, isipokuwa moja. Hiyo moja ilikuwa Ghana, na ilipona kwa sababu stima ilikuwa imepotea pale ofisini, seva ikakatika kwenye mtandao kabla virusi havijafika. Intaneti ya ofisi ile ilikuwa ya polepole mno kutuma data, na wafanyakazi wa pale hawakuwa na viza ya Uingereza. Ikabidi diski isafirishwe kwa mkono hadi Nigeria, ikapokewa na mwenzao, naye akaipeleka London. Kampuni yenye meli katika kila bahari ilinusurika kwa kukatika kwa stima na viza ya mtu. Kenya Power, inayotusambazia stima, isilichukue hili kama pongezi. Funzo lake ni kwamba nakala iliyo mbali na isiyounganishwa na mtandao ndiyo iliyobaki, na busara ni kuipanga mapema badala ya kuingoja bahati.

Kuna pia kitufe cha "Nikumbushe baadaye". Virusi vya WannaCry vilipolipuka tarehe 12 Mei 2017 na kuvuruga hospitali za Uingereza, sasisho la Microsoft la kuziba mwanya ule lilikuwa limetoka tangu tarehe 14 Machi. Kwa takriban miezi miwili dawa ilikuwapo, bure, na watu wakaomba wakumbushwe baadaye. Wakakumbushwa. Mkaidi atanijibu kwamba masasisho nayo huua, na ana ushahidi: tarehe 19 Julai 2024 sasisho bovu la kampuni ya usalama ya CrowdStrike liliangusha kompyuta milioni 8.5 hivi na kuwakwamisha abiria katika viwanja vya ndege duniani. Pingamizi hili ni zito kuliko lile la udogo, na sitalipuuza. Lakini linadai sasisho lijaribiwe kwanza kwenye mashine moja kabla ya kusambazwa kwa zote. Halidai likae miezi sita likisubiri fundi apate nafasi.

Atasimama mwingine aseme: mbona adui wa nje yupo? Yupo. Julai 2023 eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, ilizidiwa na mafuriko ya maombi bandia, kundi linalojiita Anonymous Sudan likajigamba kuwa ndilo lililofanya, na serikali ikakiri shambulio huku ikisema data haikupotea. Shambulio la namna hiyo halizuiwi na kijana wa IT wa Kakamega. Huzuiwa na mtoa huduma mwenye mabomba makubwa. Hata hivyo, ofisi iliyofanya kazi zake ndogo hupoteza saa chache siku ya shambulio, na isiyozifanya hupoteza vitabu vyake vyote. Wa mwisho atapendekeza kila kitu kihamie kwenye wingu, yaani seva za kukodi mtandaoni. Kwa ofisi nyingi ndogo namuunga mkono, kwa kuwa birika halitafika huko. Lakini wingu nalo lina jengo: tarehe 10 Machi 2021 kituo cha kampuni ya kukodisha seva ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa, kiliteketea, na wapo wateja waliokuwa wameweka data na nakala zao mahali pamoja. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikatambaa huku kwetu kwa siku kadhaa. Na mhasibu wa Kitale bado ana nywila ya wingu.

Kwa nini basi kazi hizi hazifanywi, ilhali nyingi hazina gharama? Kwa sababu zikifanywa vizuri hakuna kinachotokea, na hakuna anayelipwa kwa kutotokea kwa jambo. Nenda kwenye mchezo wa fahali Khayega: umati humshangilia fahali aliyeshinda na mwenye fahali, lakini anayemkatia nyasi alfajiri wiki nzima hatajwi hata kwenye wimbo. Kijana wa IT ndiye mkata nyasi huyo, ila yeye juu ya nyasi hutumwa pia kurekebisha printa, kuunganisha televisheni siku ya mechi, na kumtafutia mkurugenzi picha zilizopotea kwenye simu. Ofisi ikikaa mwaka mzima bila hitilafu, bodi huuliza anafanya kazi gani. Ikipata hitilafu, bodi huuliza swali lile lile.

Kwa hiyo ombi langu kwa wenye kampuni, wenye sacco na wakuu wa shule ni dogo. Kabla ya kusaini ununuzi wa kisanduku kingine, mpeni kijana huyo saa mbili kila wiki zisizoguswa na printa, soketi ya seva peke yake, na diski ya pili itakayolala kwenye jengo jingine. Birika lihamie jikoni. Kisha muulizeni swali moja: mara ya mwisho tulirejesha faili kutoka kwenye nakala zetu ilikuwa tarehe gani? Akitaja tarehe, mnunulieni chai. Akisema nakala zipo, bado hajawajibu.