Sifa za Foleni ya Drackenstein

Mimi ni mtu wa Mbezi, na mtu wa Mbezi hafundishwi foleni. Nimeishi ndani yake miaka ishirini. Nimekula humo, nimelala humo, nimesikiliza mechi nzima humo pamoja na dakika za nyongeza. Lakini ilibidi niende mpaka kusini mwa Ujerumani, tena siku ya mwisho ya safari, ndipo nikutane na foleni yenye elimu. Nimeamua kuisifu hadharani, maana nimesubiri mtu mwingine ajitokeze, sijamwona.

Ilikuwa Agosti 2025, kwenye barabara kuu ya A8 kutoka Stuttgart kwenda Munich, pale inapopanda milima ya Schwäbische Alb. Wenyeji huiita Stau, itamke shtau, neno fupi kama mlango unaobamizwa. Karibu na Drackenstein, barabara ya kupanda ina njia mbili tu, mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili. Ilianza kuchongwa miaka ya 1930, magari yakiwa machache na hayana haraka. Wanaoshuka kuelekea Stuttgart wana barabara yao upande mwingine wa mlima, kwa hiyo hata mtu wa kumwonea kijicho ana kwa ana humpati. Mwezi wa nane shule zimefungwa, na Waholanzi wanahamia kusini wakivuta nyumba zao nyuma ya magari. Asubuhi ile, juu huko, lori lilikuwa limelala ubavu. Redio ilisema dereva katoka mzima, kwa hiyo naweza kuendelea na sifa bila dhambi.

Tulikuwa na ratiba. Naitaja kwa heshima, kwa sababu ilichapwa, ikatiwa kwenye mfuko wa plastiki, ikabandikwa kwenye dashibodi. Saa mbili na nusu asubuhi: Blautopf, chemchemi ya buluu ya Blaubeuren, dakika 20. Saa tatu na nusu: kanisa kuu la Ulm, kupanda mnara ngazi 768 na kushuka, dakika 40. Saa sita na dakika 20: kasri la Neuschwanstein, ambako tiketi ina saa yake na ukichelewa umechelewa. Saa tisa: Munich, kuiona. Saa kumi: uwanja wa ndege. Dada yangu mkubwa, ambaye goti lake la kushoto halijapanda zaidi ya ghorofa moja tangu 2011, alisomewa ratiba hiyo akauliza swali moja tu.

"Na msalani?"

Msalani hakukuandikwa.

Hapa ndipo fadhila kuu ya foleni inapoonekana, nayo ni kuchagua. Mwanadamu ukimpa siku moja na vituo vitano, ataomba cha sita. Foleni haiombi. Inashika orodha kama mwalimu wa zamani mwenye kalamu nyekundu, inasoma polepole, inakata.

Saa mbili na nusu ilitukuta tumesimama, Blautopf ikakatwa. Nilijaribu kuitetea. Nilisema maji yake ni ya buluu kwelikweli, kwa sababu ya chembe za chokaa zinazotawanya mwanga, na shimo lake lina kina cha zaidi ya mita 20. Foleni ikanijibu kwa kusogea mita nne. Nikaelewa. Mtu ametoka Bahari ya Hindi, amepanda ndege mbili, aje kuonyeshwa maji ya buluu?

Saa tatu na nusu ikafika zamu ya Ulm, na kesi hiyo ilikuwa nzito. Mnara una mita 161 na nusu. Ujenzi ulianza 1377, ukaisha 1890. Watu waliochukua miaka 513 kulimaliza kanisa wametutengea dakika 40 sisi. Na Einstein? Kweli, alizaliwa Ulm Machi 1879, lakini mwaka uliofuata wazazi wake wakamhamishia Munich. Akili ile yote haikuihitaji Ulm kwa zaidi ya miezi kumi na mitano. Mpwa wangu, aliyekuwa akiendesha, akatoa hoja yake ya mwisho: "Mjomba, ndilo kanisa refu kuliko yote duniani." Lilikuwa. Oktoba mwaka huohuo, Sagrada Família ya Barcelona ikalipita. Foleni ilikuwa na taarifa miezi miwili kabla, ikaliokoa goti la dada yangu na sifa iliyokaribia kuisha muda wake.

Kwa Neuschwanstein ilitoa hukumu ndefu kuliko zote, saa mbili nzima, na kila dakika ilikuwa na hoja yake. Mfalme Ludwig II wa Bavaria alianza kulijenga kasri hilo 1869 ili awe mbali na watu. Mbali na watu, jamani, ndiyo ilikuwa ramani yenyewe. Juni 1886 alikutwa amekufa kwenye Ziwa Starnberg, na kabla ya miezi miwili kwisha, tarehe 1 Agosti, milango ikafunguliwa kwa yeyote mwenye kiingilio. Arobaini yake ndiyo kwanza imepita! Tangu hapo dunia nzima inapita chumbani kwake kwa makundi, nusu saa kila kundi, picha marufuku. Julai 2025 UNESCO ikaliingiza kwenye urithi wa dunia, yaani ikamwongezea marehemu wageni. Katika ukoo mzima wa wanadamu, ni nani aliyeyakumbuka matakwa yake? Foleni. Ilitushika watu watatu, tuliokwisha kulipa, ikatuzuia tusiende kumsumbua.

Fadhila zilizobaki nazitaja kwa mkato. Haina kiingilio. Haina mwongozaji mwenye mwavuli. Porsche na tela la farasi zinapewa mwendo mmoja. Upungufu wake ni mmoja tu: haiuzi kitu. Mbezi, kwa saa hizo, ningekuwa nimeshanunua karanga, maji ya baridi, chaja ya simu na ramani ya ukutani. Hapa hata pipi.

Adabu yake, hata hivyo, siwezi kuipita. Magari yalipoanza tu kupunguza mwendo, ya kushoto yalibana kushoto, ya kulia yakabana kulia, katikati ikabaki njia. Wanaiita Rettungsgasse, kichochoro cha uokozi, na asiyeifungua hutozwa kuanzia euro 200 na kufungiwa kuendesha mwezi mzima. Ambulansi ikapita pale kama Musa baharini. Nyuma yake haikufuata bodaboda hata moja, wala daladala, wala mheshimiwa. Dada yangu akasema "Mashaallah" na akageuka kunitazama, kuhakikisha kwamba na mimi nimeona.

Na kwa burudani ilitupa daraja. Tukiwa bado bondeni karibu na Mühlhausen, tuliliona juu huko daraja la reli la Filstal, mita 85 kutoka chini, lililofunguliwa Desemba 2022 pamoja na reli mpya ya kwenda Ulm. Linatoka kwenye handaki na kuingia kwenye handaki. Treni inachomoza mlimani, inavuka, inazama mlima wa pili, na wewe ndiyo kwanza unatafuta simu mfukoni. Nilihesabu tano. Ya sita ilipopita nikamuuliza mpwa wangu, kwa upole kabisa, kwa nini hatukupanda kile kitu.

"Mjomba, kwenye ratiba uliandika gari."

Sasa niseme ratiba hiyo ilitoka wapi, na hapa msinitafutie utani.

Ilitoka kwenye dirisha moja la viza, ambalo silitaji. Tulipeleka taarifa za benki, barua ya mwajiri, hati ya nyumba, bima isiyopungua euro 30,000, na ada ya euro 90 ambayo ukikataliwa hairudi. Bado wakataka mpango wa safari, siku kwa siku. Tulikuwa tunakwenda kumwona mjukuu wa dada yangu aliyezaliwa Mei. Nikaandika ukweli: siku ya kwanza, tutamshika mtoto, siku ya pili, tutamshika mtoto. Binti wa dirishani akanirudishia karatasi. Hiyo si ratiba, akasema.

Ndipo nikaenda Mwenge kwa kijana wa steshenari, shilingi elfu kumi na tano. Kijana huyo hajawahi kuvuka Chalinze, lakini kwenye kompyuta yake ana Ulaya nzima. Neuschwanstein aliichagua kwa sababu picha yake ilikuwa tayari hapo. Ulm ilikuwa imebaki kutoka kwenye ratiba ya mteja wa jana. "Mzee," akaniambia, "siku ya mwisho tujaze sana, waone kabisa kwamba mtu huyu anaondoka amechoka." Ikakubaliwa. Viza ikatoka, siku kumi na mbili kamili, zimehesabiwa kama dawa ya malaria. Na mpwa wangu, ambaye amekaa kule miaka kumi na tisa, ni mhandisi, na hajawahi kuupanda mnara wa Ulm hata siku moja, akaipokea karatasi ile ya Mwenge kama amri ya serikali. Umeandika, Mjomba. Wameona. Ndiyo maana saa moja asubuhi tulimwacha mtoto amelala, bibi yake akimtazama kutoka mlangoni na viatu mkononi.

Mahali nilipopataka mimi palikuwa pamoja tu. Augsburg iko njiani, A8 inapita kando yake. Mwaka 1505 msafara wa Wareno wa Francisco de Almeida uliingia Kilwa mwezi Julai, ukaiteka na kuipora, na mwezi uliofuata ukaichoma Mombasa. Baadhi ya meli za msafara ule ziligharamiwa na matajiri wa Augsburg na Nuremberg, wakiwemo akina Welser na akina Fugger. Mama yangu ni mtu wa Kilwa. Na Augsburg bado ipo Fuggerei, nyumba za maskini alizoanzisha Jakob Fugger mwaka 1521, ambazo kodi yake hadi leo ni senti 88 za euro kwa mwaka, pamoja na sala tatu kila siku. Nilitaka kusimama langoni dakika kumi. Nisiseme neno, nitazame tu.

"Mjomba, Augsburg haimo."

Haimo! Wale waliokuja Kilwa nani aliwauliza watalala wapi? Barua ya mwaliko aliwaandikia nani? Uthibitisho kwamba watarudi kwao waliuonyesha dirisha gani? Bima hawakuwa nayo, na waliokuja kuihitaji ni wenyeji.

Samahani. Nilikuwa naisifu foleni.

Ilitufungulia saa saba mchana. Juu ya mlima tuliingia kwenye maegesho ya kando ya barabara, choo na meza za zege chini ya miti, basi. Dada yangu akatoka msalani akiwa mtu mpya, akafungua kontena la chapati na sambusa alizokaanga alfajiri, akasema hapa ndipo pazuri kuliko pote tulipopita leo. Alipiga picha kumi na moja pale, nne zikiwa za pipa la taka, kwa sababu yalikuwa matatu na kila moja lilikuwa na rangi yake. Hicho ndicho kituo tulichokiona.

Uwanja wa ndege nilikwenda kwenye kibanda cha pasipoti na ratiba mkononi, ndani ya mfuko wake wa plastiki, maelezo nimeyapanga: Blautopf, foleni; Ulm, foleni; kasri, foleni, na tiketi hii hapa haikutumika. Afisa akaifungua pasi, akapiga muhuri, akamtazama mtu aliye nyuma yangu.

"Hajauliza?" dada yangu alinong'ona.

"Hajauliza."

"Hata kasri?"

"Hata kasri."

Akatembea hatua kadhaa kimya, mkoba wake ukiburuzika.

"Basi si tungebaki na mtoto."