Sifa za Gari Lichokalo Njiani

Watu wa kalamu hawakuanza leo kukisifu kile ambacho umma umekidharau. Erasmus aliusifu upumbavu katika kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1511, na zaidi ya miaka mia sita kabla yake al-Jahiz wa Basra aliwaandikia mabahili kitabu kizima, kilichojaa hoja zao wenyewe za kuutetea ubahili, hata msomaji akimaliza asijue kama amecheka nao au amewacheka. Nami, nikiwa nimekaa hapa Msangano, katika bonde la joto lililo chini ya nyanda za Mbozi na Ufipa, ambako barabara kuu ya Tanzania na Zambia haifiki ila kwa habari zake, nimeona ni haki kuisifu aibu mpya iliyoingia duniani ikakosa mtetezi, nayo ni uchovu wa gari la umeme: gari litokalo asubuhi na kiburi cha kilomita mia mbili kiooni, likafika mlimani likasalia na sitini, na sitini hizo zikiisha haliombi maji wala dumu la mafuta, bali laomba usiku mzima.

Fadhila yake ya kwanza ni ukweli. Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, na njia hiyo, baada ya kupita Morogoro na kuikata hifadhi ya Mikumi, huinuka Kitonga kona kwa kona mpaka nyanda za Iringa na Makambako zilizopita mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mwenye gari la dizeli huupanda mlima huo asijue ameulipa nini, kwa kuwa mshale wa tangi ni mpole na mwenye adabu za kumficha bwana wake hasara. Gari la umeme halina adabu hizo. Tani mbili za chuma na abiria zikipandishwa mita 100 hula zaidi ya nusu ya uniti juu ya kile ambacho zingekula tambarare. Basi mpando wote toka pwani hadi Makambako, hata tukisahau mabonde yaliyo katikati, ni zaidi ya uniti 8, yaani theluthi nzima ya betri ya Nissan Leaf ya kwanza, ile iliyotoka mwaka 2010 na uniti 24 tumboni, ambayo ndugu zetu waagizaji wa magari yaliyokwisha kutumika Japani wataijua. Dereva anaziona namba zikipukutika mbele ya macho yake, akaanza kuzima kiyoyozi, akafungua dirisha, akayafunga tena madirisha kwa sababu upepo nao unakula betri, na kabla ya kilele amekwisha kukumbuka dua alizosomeshwa utotoni. Ni mashine ngapi zimemrudisha mwanadamu kwa Mola wake kwa gharama ndogo kama hiyo?

Ya pili ni rehema ya mteremko, nayo ina siri ambayo wenye kulikashifu gari hili hawajaitafakari. Malori yashukayo Kitonga yakielekea pwani hunuka breki zake, maana uzito wote ule lazima ugeuzwe kuwa joto la bure. Gari la umeme, likishuka, mota yake hugeuka kuwa jenereta, na mlima uliolipokonya mali wakati wa kupanda huirudisha sehemu kubwa yake wakati wa kushuka. Lakini mwungwana aliyelala Iringa akalijaza gari lake pomoni, asibakize hata asilimia moja, huteremka asipate kitu, kwa kuwa betri iliyojaa haina pa kupokelea, na atalazimika kukanyaga breki kama sisi wengine makabwela. Hupewa yule tu aliyetoka na upungufu. Sijui chombo kingine cha safari chenye fiqhi ya namna hii, na mashekhe wanaotafuta mfano wa kanaa wangefanya vema kukaa kiti cha mbele siku moja.

Mwendo wake pia unastahili taadhima. Upepo ni mdai mkali: ukiuongeza mwendo maradufu, nguvu ya upepo kulizuia gari huwa mara nne, hivyo mwenye gari la umeme aliye mbali na soketi huenda taratibu kuliko basi la shule, na askari wa usalama barabarani waliojificha na tochi zao penye kibao cha hamsini humwona akipita wakamsikitikia. Ama foleni ya malori ya Tunduma, ambayo imewazeesha madereva wengi, kwake si mtihani, kwani gari la umeme likisimama halili ila kidogo tu, ilhali jirani yake wa dizeli hunguruma saa nzima akichoma mafuta ya mwajiri wake ili aende hatua kumi.

Hayo ni madogo. Jambo hasa lililonisukuma kuishika kalamu ni hili, kwamba gari lichokalo limerudisha manzili. Misafara ya kale iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji haikupima njia kwa maili bali kwa vituo: hapa pana maji, pale pana unga, kule yupo mtu tunayejuana naye. Lilipokuja gari la mafuta, na dumu lake la akiba nyuma ya kiti, na vijana wanaouza petroli ya chupa kila penye kibanda, msafiri akapata uhuru wa kumpita kila mtu bila kumpa salamu. Umeme haubebeki katika dumu. Hauuzwi kwa chupa. Aliyeishiwa hana budi kubisha hodi.

Hebu tumtazame huyo mbisha hodi akitoka Tunduma kuja kwetu. Amekula chakula cha mchana mpakani, ameitazama ramani, ameridhika kwamba chaji inamtosha kwenda na nusu ya kurudi. Anaingia barabara ya vumbi, ardhi inaanza kuinama, na kioo kinaanza kumtendea miujiza, kwani kila mita mia anazoshuka kutoka uwanda wa juu zinamrudishia kitu, na mara mbili tatu asilimia, badala ya kupungua, inaongezeka. Anamwambia mkewe kwamba magari haya yamesingiziwa. Anafika mashamba ya mpunga na ufuta, joto likimpokea kama mkwe mwenye kelele, akiwa na furaha ya mtu aliyelipwa ili asafiri. Ndipo anapogeuza kichwa akautazama ukingo wa bonde alikotoka, ulivyosimama wima na samawati, akapiga hesabu ya kurudi. Bonde letu lina ukarimu wa aina hiyo, na nakiri kwamba sisi wenyeji hatuoni haja ya kuwaonya watu mapema.

Nyumba ya kwanza anayoiendea ina UMETA, kile kisanduku cha Umeme Tayari chenye swichi na soketi zake, kilicholetwa ili mwenye nyumba ndogo apate umeme pasipo kutandaza nyaya ukuta kwa ukuta. Mwenye nyumba hiyo hutumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, na kwa hivyo hulipia bei ya nafuu. Mgeni anahitaji uniti 24, theluthi ya mwezi kwa usiku mmoja, na LUKU iliyo ukutani inaanza kulia kabla hajamaliza kueleza shida yake. Anaelekezwa kwa mama mwenye mashine ya kukoboa mpunga.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba. Gari limeharibika?”

“Halijaharibika, mama. Limechoka.”

“Basi lipumzike. Lete waya wake.”

Waya unaletwa. Soketi ya kawaida ya nyumbani, kwa volti 230 na ampea 10, hutoa kilowati 2 na ushei, kwa hiyo uniti 24 ni saa kumi na zaidi, ikiwa umeme haukukatika, na ikiwa mashine ya kukoboa haikuwashwa; maana ikiwashwa umeme huwa mdogo, taa zinafifia, na gari nalo, kwa staha, linaacha kula mpaka mkubwa amalize. Watoto wanakuja kulitazama gari lisilo na mlio wala moshi. Wazee wa Wawanda na wa Wanyamwanga wanaleta viti. Mgeni, aliyekusudia kukaa dakika ishirini na kupiga picha tatu, analishwa wali na kuku, anaulizwa kwao ni wapi na baba yake ni nani, na kufikia saa tatu za usiku inagunduliwa kwamba shangazi yake aliolewa Vwawa na mtu ambaye mama wa mashine alisoma naye. Nani angeligundua hilo kama tangi lingejazwa kwa dakika tano na kijana asiyemtazama usoni?

Wapo watakaosema kwamba nasifu ulemavu, na kwamba gari la mafuta halikumtesa mtu hivyo hata siku moja. Wanaosema hivyo hawakumsoma Bertha Benz, aliyetoka Mannheim mwaka 1888 na wanawe wawili kwenda Pforzheim, mwendo upatao kilomita 100, katika gari la mumewe. Mafuta yalipomwishia aliyanunua kwa mwuza dawa katika mji wa Wiesloch, milimani wanawe wakashuka wakasukuma, na breki zilipolika akamwendea fundi viatu azivishe ngozi. Wala hawakumbuki, au hawataki kukumbuka, hali ya barabara hii yetu baada ya Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao na Zambia ikanyimwa njia ya mafuta kusini, malori yakasheheni mapipa toka Dar es Salaam, yakazama katika tope na kupinduka katika makorongo mpaka njia ikapewa jina la Jahanamu, na bomba la mafuta la TAZAMA likajengwa kwa dharura na kukamilika mwaka 1968. Watu wazima wa nchi hii wanazijua pia zile Jumapili za uhaba, ambapo magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea baada ya saa nane mchana. Mafuta nayo yalikuwa na utoto wake. Tofauti ni kwamba hakuna aliyeyatungia sifa.

Na kuna mzaha mmoja ambao hauhitaji mtunzi. Kobalti iliyo katika betri nyingi za magari hayo huchimbwa kwa wingi kuliko kote duniani katika Kongo, upande wa Kolwezi na Likasi, na shehena zake, pamoja na shaba, hupitia Zambia zikaingia kwetu Tunduma zikiwa juu ya malori ya dizeli, ili ziende bandarini, zivuke bahari, zisafishwe, ziundwe, zirudi baada ya miaka zikiwa zimevaa rangi nzuri, na zikwame Msangano kwa kukosa soketi, mwendo wa asubuhi moja tu kutoka mpaka uliozipitisha mara ya kwanza bila kuulizwa kama zina chaji.

Nasikia neema hii haitadumu. Laini ya msongo wa kilovolti 400 imekusudiwa kupita Iringa na Mbeya kuja Tunduma hadi Sumbawanga, ili gridi yetu na ya Zambia zishikane mikono. Betri zinazidi kuwa kubwa. Na zipo chaja, katika nchi za wenye haraka, zinazolijaza gari hadi asilimia 80 kabla kahawa haijapoa. Kwa wakuu watakaokaa mezani kuchagua mahali pa kujenga vituo vya kuchajia, basi, tunapeleka ombi kwa taadhima na kwa niaba ya mama wa mashine, ambaye tangu usiku ule amenunua soketi ya pili na kuku wengine wanne: Tunduma wajenge, Vwawa wajenge, na Mlowo vilevile, ila huku bondeni wasije kwanza, angalau mpaka mavuno ya mpunga yapite, kwa kuwa wageni tulionao hatujamaliza kuwauliza habari za kwao.